UKUTA, MAJI NA MOTO: HATAZA YATUHUSU NINI SISI MAFUNDI?

Hotuba iliyosomwa mbele ya waashi, maseremala na wapakizi wa mizigo katika mkutano wa Namboboto. Imepigwa chapa hapa kwa ombi la wanachama ambao hawakuweza kufika.

Ndugu wanachama,

Katika mkutano wetu uliopita mwenzetu mmoja, mwashi, alikuja na kitu kilichofungwa ndani ya gunia. Alisema ametengeneza bamba la ukuta lisiloshika moto wala kukaa na maji, naye alitaka sote tulione. Alipoanza kufungua kamba, mwenyekiti alimzuia, akamwambia, "Ndugu, funga kwanza." Wengi walinung'unika. Wengine walisema kwamba chama sasa kimeanza kuwaficha wanachama mambo. Leo tumekuja kueleza kwa nini mwenyekiti alifanya vile, na kwa nini hata leo hatutasema ndani ya lile gunia mna nini.

MAADUI WAWILI WA UKUTA

Kila mtu aliyejenga hapa Samia ajua kwamba ukuta una maadui wawili, moto na maji, na ya kuwa dawa ya mmoja mara nyingi humkaribisha mwenzake.

Ukuta wa udongo wa wazee wetu hauogopi moto. Paa la nyasi likiungua lote, asubuhi ukuta bado umesimama. Lakini mvua ya mwezi wa nne ikiupiga upande mmoja kwa siku kadhaa, chini huanza kumumunyika. Ndiyo sababu wazee waliinua msingi, wakalitoa paa nje mpaka likafanya baraza, wakaukandika ukuta kwa samadi na majivu, na kila mwaka wakaurudia. Ule ulikuwa ufundi kamili, ingawa haukuandikwa popote.

Tazameni sasa bamba la jasi, ambalo mafundi huliita jipsamu. Bwana mmoja wa Marekani, Augustine Sackett, alipewa hataza mwaka 1894 kwa bamba la namna hiyo, tabaka za karatasi na jasi. Kiasi cha sehemu moja kwa tano ya uzito wa jasi ni maji yaliyoshikamana ndani ya jiwe lenyewe. Moto ukija, joto hutumika kwanza kuyafukuza maji hayo yawe mvuke, na kwa muda ule upande wa pili wa ukuta hupona. Hiyo ni kinga nzuri sana ya moto. Lakini bamba la kawaida la jasi likinyeshewa hulegea, likavimba na kumeguka.

Huko Denmark, kati ya mwaka 2010 na 2015 hivi, majengo mengi yalifunikwa kwa mabamba ya oksidi ya magnesi, kwa kuwa hayashiki moto. Mabamba yale yakanyonya unyevu wa hewani, kisha yakaanza kutoa machozi ya maji ya chumvi, na misumari na vyuma vilivyokuwa karibu vikaliwa na kutu. Moto ulizuiwa, lakini maji yaliingia kwa mlango mwingine.

Basi wajuzi wakasema, tusipigane na maji, tuyape njia. Wakaacha uwazi mwembamba nyuma ya kifuniko cha nje, ili maji yaliyopenya yateremke mpaka chini na kutokea katika vitundu. Hiyo nayo ni akili njema. Lakini uwazi ule ule, moto ukiingia, huwa dohani. Mjini London, tarehe 14 Juni 2017, jumba la ghorofa 24 liitwalo Grenfell Tower liliungua, na watu 72 wakafa. Kifuniko chake cha nje kilikuwa na plastiki katikati ya karatasi mbili za alumini, na nyuma yake palikuwa na uwazi. Uchunguzi wa serikali ulisema kwamba plastiki ile ndiyo sababu kubwa ya moto kupanda, na kwamba vizuizi vilivyowekwa kuziba uwazi vilikuwa na kasoro.

Kwa hiyo mtu atakayetengeneza ukuta unaoteremsha maji na kuzuia moto pamoja, kwa bei ambayo mwalimu au mchuuzi wa Busia aweza kuilipa, atakuwa amefanya jambo kubwa. Mwenzetu huyu adhani amelifanya. Yatupasa kujua jambo hilo litapimwaje, na nani, na litakuwa mali ya nani.

HATAZA NI NINI

Hataza, ambayo wengi wetu twaiita patenti, ni mapatano kati ya mvumbuzi na serikali. Mvumbuzi aeleza siri yake yote kwa maandishi na michoro, ili kila mtu asome. Nayo serikali humpa haki ya kuwazuia wengine wasiutengeneze wala kuuza uvumbuzi ule bila ruhusa yake, kwa muda wa miaka 20 tangu siku ya kupeleka ombi, mradi alipe ada ya kila mwaka. Miaka ikiisha, uvumbuzi ni wa watu wote.

Zamani mtu wa Kenya hakuweza kupewa hataza hapa kwetu. Ilimpasa kwanza aipate Uingereza, kisha aje kuiandikisha Nairobi. Mambo yalikuwa hivyo hata baada ya uhuru wa 1963, mpaka ilipotungwa sheria ya mwaka 1989, na ofisi yetu wenyewe ikaanza kazi mwaka 1990. Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 ndiyo iliyounda taasisi iitwayo KIPI, huko Nairobi, yenye wapimaji wa maombi haya.

JINSI BAMBA LINAVYOPIMWA

Kwa kuwa la mwenzetu limo guniani, natutwae bamba la mfano. Tuseme ni bamba la saruji na nyuzi. Mgongoni lina mifereji ya kuteremsha maji. Ndani ya kila mfereji, kila baada ya futi chache, kuna kizuizi kidogo kinachoacha maji yapite siku zote, lakini kikipata joto kali huvimba na kuuziba mfereji. Mpimaji wa hataza ataliuliza bamba hili maswali matatu.

Swali la kwanza: Je, ni jipya? Si jipya hapa Namboboto tu, wala Kenya tu, bali duniani kote. Mpimaji hutafuta katika hataza za nchi zote, ambazo zimepangwa kwa namba kama stoo yenye rafu nzuri. Namba E04B 1/70 ni rafu ya kukausha majengo na kuyaweka makavu. Namba E04B 1/94 ni rafu ya kuyakinga na moto. Mtu anayedai kushinda maji na moto pamoja, mpimaji hufungua rafu zote mbili. Akikuta karatasi moja tu, ya nchi yoyote na ya mwaka wowote, inayoeleza bamba lile lile kwa sehemu zake zote, basi swali limekwisha.

Tena si karatasi tu. Sheria yasema kwamba jambo lililokwisha kuonyeshwa kwa watu kwa maneno, kwa matumizi au kwa maonyesho, si jipya. Hapo ndipo gunia linapoingia. Kama mwenzetu angalilifungua bamba lake mbele ya watu wengi hivi, angalikuwa ameutoa mwenyewe ule upya wake. Ni kweli kwamba sheria ya Kenya humwachilia mvumbuzi ikiwa alionyesha mambo yake katika miezi 12 kabla ya kupeleka ombi. Lakini nchi nyingi hazina huruma hiyo, na mashahidi husahau tarehe. Mwenyekiti hakumficha mtu jambo. Alilinda mali ya mwanachama.

Swali la pili: Je, pana hatua ya uvumbuzi? Hapa ombi nyingi huanguka. Mpimaji atasema, "Mifereji ya maji nimeiona katika karatasi hii. Vizuizi vinavyovimba kwa joto nimeviona katika karatasi ile. Wewe umeziunganisha tu." Kisha atajiuliza kama jambo hilo lingalikuwa wazi kwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa kazi ile. Sikilizeni vizuri, ndugu. Huyo mtu mwenye ujuzi wa kawaida ni nani? Ni fundi. Sheria za ulimwengu mzima, zinapotaka kupima akili ya mvumbuzi, humsimamisha kando yake fundi wa kazi ile, na kuuliza kama huyu angalifikiri hivyo bila kusumbuka. Sisi ambao katika kiwanja cha ujenzi hatuulizwi neno, katika ofisi ya hataza ndio kipimo.

Basi ikiwa kuunganisha vitu viwili kwaleta matokeo ambayo fundi hakuyatazamia, mvumbuzi na aseme hivyo na aonyeshe. Kwa mfano, ikiwa vizuizi vya kawaida huoza kwa kulowana kila siku visivimbe tena, naye amepata njia ya kuvihifadhi visioze, hapo ana neno la kusema. Aandike alivyojaribu, alilowesha siku ngapi, alichoma dakika ngapi, na nini kilitokea. Mpimaji hawezi kukisia.

Swali la tatu: Je, laweza kutengenezwa na kutumika kazini? Kwa bamba la ukuta swali hili si gumu. Lakini liendalo pamoja nalo ni gumu, yaani maelezo lazima yatoshe fundi mwingine kulitengeneza. Mtu akisema "nachanganya saruji na dawa yangu," asiseme dawa gani wala kiasi gani, hatapewa kitu. Huwezi kuweka siri na kupata hataza kwa jambo lile lile.

Baada ya hayo yako madai. Hizi ni sentensi za mwisho wa ombi zinazoweka mipaka, kama mawe ya mpaka wa shamba. Mtu akidai "ukuta wowote wenye mifereji," amedai shamba la kijiji kizima, na mpimaji atamrudisha. Akidai "bamba lenye mfereji wa upana huu, ulioinama hivi, wenye kizuizi cha mchanganyiko huu peke yake," huenda akapewa, lakini jirani atabadili kipimo kimoja na kupita kando. Ustadi ni kuweka mawe mahali pa haki. Mara nyingi mpimaji huandika barua ya kukataa, mwombaji hupunguza madai yake, na hujibizana hivyo kwa muda. Barua ya kukataa si mwisho wa safari.

Juu ya wakati, ni hivi. Ombi likipokelewa hupewa tarehe, na tarehe hiyo ni dhahabu. Baada ya miezi 18 hutangazwa hadharani. Mwombaji naye lazima aombe mwenyewe kwamba lipimwe, katika miaka mitatu tangu alipolipeleka. Asipoomba, hakuna atakayempimia.

Na bamba likionekana ni jipya lakini halina hatua kubwa ya uvumbuzi, iko njia ndogo. Sheria yetu yatoa cheti cha kitu kilichoboreshwa kwa matumizi, kinachodumu miaka 10, bila kudai hatua ile ya uvumbuzi. Mafundi wengi wangefaa kuanzia hapo.

SWALI AMBALO MPIMAJI HAULIZI

Sasa twafika kwenye neno ambalo hasa limetuleta. Mpimaji wa hataza huuliza kama jambo ni jipya. Haulizi kama litakuua.

Mwaka 1901 Bwana Ludwig Hatschek wa Austria alipewa hataza ya kutengeneza mabamba kwa saruji na nyuzi za asbesto. Yalikuwa mepesi, hayaungui, hayaozi kwa mvua. Moto na maji yote mawili alikuwa ameyashinda! Yakaenea ulimwenguni. Wengi wetu tumesoma shule zilizoezekwa kwa mabamba hayo, na wengine wetu tumeyakata kwa msumeno bila hata kitambaa puani. Vumbi la asbesto huingia katika mapafu na kukaa, na baada ya miaka ishirini, thelathini au arobaini huleta ugonjwa wa mapafu na saratani. Uingereza iliipiga marufuku yote mwaka 1999. Hapa Kenya kanuni za taka za mwaka 2006 zaitaja asbesto kuwa taka ya hatari. Waliokwisha kuyakata mabamba yale, kanuni hazikuwafuta vumbi mapafuni.

Hataza ya Hatschek haikuwa ya udanganyifu. Jambo lilikuwa jipya, na lilifanya kazi. Kwa hiyo mkiona bamba limepigwa muhuri wa hataza, jueni maana yake ni moja tu, kwamba kuna mtu mwenye haki ya kuwazuia wengine wasilitengeneze. Si cheti cha usalama. Kujua kama bamba lazuia moto ni kazi nyingine, na watu wengine. Bamba hutiwa katika tanuru la majaribio, ambalo kwa kipimo cha mataifa hufika nyuzi 945 hivi za Selsiasi kwa saa moja, na huangaliwa dakika ngapi ukuta utasimama. Viwango vya hapa kwetu viko chini ya Shirika la Viwango, KEBS. Hata hapo tusisinzie. Ripoti ya mwisho ya Grenfell, Septemba 2024, ilisema kwamba baadhi ya wenye viwanda waliwadanganya wanunuzi juu ya majaribio ya moto ya bidhaa zao.

Mabamba ya saruji na nyuzi yauzwayo siku hizi bila asbesto nayo yana mchanga wa silika, na vumbi lake huharibu mapafu pia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awaeleze wafanya kazi hatari za vitu wanavyovishika. Basi bamba jipya likija kiwanjani, swali letu la kwanza lisiwe "lina hataza?" Tuulize limejaribiwa wapi, na kulikata kwatoa vumbi gani. Tena tulowanishe, tufunge pua, na tusimwachie kijana wa kibarua kazi ya msumeno kwa sababu hajui kuuliza.

MALI YA NANI?

Mwenzetu aliuliza: akimwonyesha mwajiri, uvumbuzi utakuwa wa nani? Sheria ya 2001 yajibu. Ukiajiriwa ili uvumbue, haki ni ya mwajiri, isipokuwa mkataba wasema vingine. Ikiwa kazi yako si ya kuvumbua, lakini umetumia vifaa au habari za kazini, hapo pia haki ni ya mwajiri, ila wewe una haki ya malipo yanayostahili, kwa kutazama mshahara wako, thamani ya uvumbuzi na faida aliyoipata. Ukivumbua nyumbani, kwa mali yako na wakati wako, ni wako. Na kwa vyovyote jina la mvumbuzi lastahili kuandikwa katika hataza.

Angalieni yale maneno "isipokuwa mkataba wasema vingine." Mlango huo uko wazi kwa pande zote mbili. Katika mapatano yetu ya pamoja na waajiri tumezoea kudai mshahara, likizo na posho ya nyumba. Halmashauri yapendekeza tuongeze kifungu juu ya uvumbuzi wa wafanya kazi, chenye kutaja sehemu ya mfanya kazi kwa hesabu. Mlete maoni yenu.

Na kwa kuwa twaishi mpakani, jambo moja zaidi. Hataza ya Kenya hukoma pale daraja la Malaba. Mtu wa ng'ambo aweza kutengeneza bamba lile lile kule wala usimshtaki kule. Ukipeleka ombi Nairobi una miezi 12 ya kupeleka Uganda na kubaki na tarehe yako ya kwanza. Au waweza kupeleka ombi moja kwa shirika la nchi za Afrika liitwalo ARIPO, lenye makao Harare, ukazitaja Kenya, Uganda na Tanzania pamoja.

MASWALI YALIYOULIZWA BAADA YA HOTUBA

Mwanachama wa Busia: Boksi la mabamba limeandikwa kwamba hataza "imeombwa." Maana yake nini?
Jibu: Maana yake barua imepelekwa, basi. Huenda hakuna aliyelipima bado. Msimpe muuzaji bei ya juu kwa sababu ya neno hilo.

Mwanachama wa Namboboto, mzee: Je, mtu aweza kwenda Nairobi akaandikisha ukandikaji wa babu zetu, kisha atudai sisi?
Jibu: Hapana, mzee wetu, ikiwa jambo lenyewe lajulikana kuwa lilikuwako. Lililotumika hadharani si jipya. Hata hataza ikitolewa kwa makosa yaweza kupingwa na kufutwa mbele ya Baraza la Mali ya Viwanda. Lakini lazima tuwe na ushahidi. Wazee wa milima hii walifua majembe yaliyouzwa mbali, na habari zao twazipata kwa sababu watu waliziandika. Tunaomba vijana wapige picha za nyumba za zamani, waandike tarehe na jinsi zilivyojengwa, na nakala zikae katika ofisi ya tawi.

Mwanachama wa Malaba, kibarua: Mimi sina mkataba wa maandishi. Nikibuni kitu nifanyeje?
Jibu: Nunua daftari. Andika kila siku ulichofanya, wapi, na kwa vifaa vya nani, utie tarehe. Usimwonyeshe mtu mpaka ombi limepokelewa. Ukihitaji mtu wa kukusaidia kuandika au kuchora, njoo kwa katibu wa tawi, naye ataweka neno lako.

Mwanachama mwenye gunia aliuliza kama sasa aweza kulifungua. Mkutano mzima ulimjibu kwa sauti moja, "Bado!" Yeye na katibu wameanza kuandika maelezo yake. Bamba limewekwa kabatini, na ufunguo anao mwenyewe.